Maua ya Bi Nakijwa

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Tuambie!

Pakawa kichaka, na kichaka kikawa na mwenyewe.

Hapo kale, katika milima ya Upare, aliishi mjane mmoja, Bi Nakijwa. Alikuwa na kipande cha msitu alichoachiwa na mama yake. Wenzake walifyeka, yeye hakufyeka. Wenzake walilima, yeye hakulima. Wenzake walimcheka, naye alikaza kanga kiunoni akapita. Mnamjua mtu wa namna hiyo? Basi msimchokoze.

Kiangazi kimoja akaja Jumbe Senkondo, mkubwa wa kijiji. Akatazama chini ya miti, akaona vumbi na majani makavu.

"Mama, ardhi hii umeilaza bure. Naichukua nipande mahindi."

"Haijalala bure, Jumbe. Chini kuna maua. Ngoja mvua."

Jumbe akacheka mpaka watu wakakusanyika. Akasema mbele yao: "Haya. Mvua za kwanza zikinyesha, nikiyaona maua yako kwa macho yangu, msitu ni wako na wajukuu zako. Nisipoyaona, nafyeka."

Lakini jamani, moyo wa Jumbe haukutulia. Akatuma vijana na majembe. Wakachimba, wakatoa matunguu ya maua, mizizi minene kama vitunguu. Wakachimba, wakatoa. Wakachimba, vikapu vikajaa.

"Tuyatupe wapi, Jumbe?"

"Mkiyatupa atayaokota ayapande tena, namjua. Yaleteni kwangu, niyalinde mwenyewe."

Yakamwagwa upenuni kwake, naye akaweka kiti akakaa. Bi Nakijwa alipoona msitu umechimbuliwa, alilia. Akauliza matunguu yamepelekwa wapi. Alipoambiwa, akafuta machozi, akaenda zake kupika.

Mvua ikaja. Maji yakachuruzika kutoka kwenye paa, yakaliangukia lile lundo siku baada ya siku. Asubuhi moja Jumbe akafungua mlango. Nje kwekundu! Maua ya duara, makubwa kama ngumi, yamesimama bila jani hata moja, na kijiji kizima kinayatazama.

Bi Nakijwa akapita katikati ya watu, kichwa juu.

"Jumbe, umeyaona kwa macho yako?"

"Nimeyaona, mama. Lakini nani kayapanda?"

"Hayangoji kupandwa ili yachanue, yanataka maji tu. Ungeniuliza ningekwambia. Sasa yarudishe kwao."

Jumbe akainama, akabeba kikapu mbele ya watu wote, wakwe zake wakiwemo. Waliokuwa wakicheka wakabeba pia, njia nzima ikawa nyekundu. Bi Nakijwa alitangulia, amejaa fahari, nami nasema ilimstahili.

"Taratibu, baba," akamwambia Jumbe. "Hayo ni ya mama yangu."

Ngano yangu nimeitua hapa. Mwenye mabega na aibebe, na apitaye Upareni mvua zikianza, atazame anapokanyaga.