Jiko la Tatu

Wapendwa, nisikilizeni, na wenye friza nyumbani msikilize zaidi.

Alikuwapo mama mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Friza. Friza anayo, televisheni ya ukutani anayo, jiko la umeme analo. Kila alasiri majirani walijaa sebuleni kwake kutazama tamthilia, naye akipita katikati yao na juisi baridi, roho kwatu. Nyuma ya uzio aliishi mjane mwenye majiko matatu ya mkaa. Siku moja Mama Friza alimwambia, "Shoga, huo moto wako usisogee uani kwangu. Mapazia yangu yananuka moshi." Mjane akayasogeza majiko yake.

Basi, binti wa Mama Friza akawa aletewe posa Jumamosi. Jumatano mbuzi akachinjwa, nyama ikajaa friza. Jioni hiyo hiyo ikaja dhoruba, upepo ukalaza nguzo za umeme chini. Televisheni kimya, friza kimya.

Alhamisi, saa ya tamthilia, alifungua mlango wa sebule kama kawaida. Hakuja mtu. Akasikia vicheko, akachungulia kwenye uzio. Lo! Wote wako kwa mjane! Huyu anachoma mahindi, yule anasimulia hadithi, hata binti yake mwenyewe kakaa pale anachambua mchicha. Wivu ukamshika.

"Watu wangu hao," akasema peke yake. "Nimewanywesha juisi miaka yote, leo wananisahau kwa mahindi?"

Kilichomuudhi kuliko vyote ni jiko la tatu. Mawili yana masufuria, la tatu linawaka mkaa mwekundu, juu yake hamna kitu. Akaona anaringiwa, kwamba mjane anachoma mkaa bure ili yeye aone.

Binti akarudi mbio. "Mama, tukabanike nyama kwa moto, ikikauka haiharibiki. Mjane amesema…"

"Sitaki kusikia alilosema! Kwa yule? Bora ioze!"

Ndugu zangu, kuna mtu humu hajawahi kusema hivyo? Anyooshe mkono nimwone. Haya, tuendelee.

Ijumaa jiko la tatu likawaka tena, tupu. Mama Friza akachungulia tena, akahesabu vichwa, moyo ukamuuma. Jumamosi asubuhi akafungua friza, harufu ikamrudisha nyuma hatua tatu. Akachukua jembe, akaenda kuchimba shimo karibu na uzio. Alikuwa anachimba huku analia, mjane akatokea upande wa pili.

"Dada, unazika nini?"

"Usijifanye hujui. Furahi basi."

Mjane akashika kichwa. "Ile nyama ya wageni? Jamani! Siku mbili nimekuwekea jiko. Watu wameliomba wapikie, nikawakatalia, nikasema hili ni la jirani yangu ana posa."

"Sasa mbona hukuniletea?"

"Si ulinikataza moto wangu usivuke uani kwako? Ndiyo maana nikamtuma binti yako. Na tulikuwa tunakuona, dada. Kila ulipochungulia, tulikuvutia kigoda."

Jembe likamtoka mkononi. Mchana ule wageni walikula maharage, yaliyopikwa kwenye jiko la tatu.

Sasa tuambiane ukweli. Umeme ulikatika kwa wangapi? Kwa mtaa mzima. Nyama ilioza kwa nani? Kwa mmoja. Basi tusiisingizie dhoruba! Sisi tunasimama kwenye uzio tunahesabu wanaocheka na mwenzetu, tunaona moto wake tunasema anaringa, na kumbe moto wenyewe tumewashiwa sisi. Unamnunia nani wewe, na anakuwekea nini? Hujui, kwa sababu hujawahi kuingia.

Ukitoka hapa, usipite kwako kwanza. Pita kwa yule. Kigoda chako bado kipo pale.