Fisi na Foleni ya Kisima

Mwaka ule mvua ilisahau njia ya kuja Bonde la Mikwaju. Mto ukakauka, madimbwi yakageuka vumbi, kikabaki kisima kimoja tu kilichochimbwa katikati ya mchanga. Simba, mfalme mwenye kujipenda, akatoa amri: wote wapange foleni, na atakayetoka kwenye foleni arudi mwisho. Amri hiyo ilishikwa kuliko dini. Mnyama aliweza kuona nyoka miguuni pake asisogee, maadamu nafasi yake iko salama.

Kisha wanyama wakaanza kupotea. Kwanza Digidigi, halafu Kanga, halafu Pimbi na mkewe. Simba alipoulizwa akatikisa manyoya ya shingo.

"Katika ufalme wangu hakuna anayetekwa," akasema. "Hao wamejiteka wenyewe ili kunichafulia jina."

Hata hivyo, ili kuziba midomo ya watu, akamteua Fisi kuwa mlinzi wa foleni, akamfunga utepe mwekundu mkononi. Fisi alikuwa ameiomba kazi hiyo mwenyewe, na ndiye peke yake aliyenenepa mwaka ule.

Sungura hakuupenda utepe ule. Tangu Kanga, jirani yake, apotee, hakukubali kuitwa pembeni na mtu yeyote, hata wenzake wakamcheka kuwa ni mwoga. Siku moja alikuwa nyuma ya Kobe na mbele ya Ngiri, Fisi alipomjia na sura ya msiba.

"Binti, mama yako ameanguka. Amenituma nije nikuchukue."

"Mama tulimzika mwaka juzi, mjomba."

"Nilitaka kusema shangazi."

"Shangazi yupi?"

"Huyo huyo aliyeanguka. Twende, utamjua ukifika."

"Nisiyemjua hapa sitamjua huko," akajibu Sungura. "Siendi."

Fisi akaachana na maneno. Akamkamata masikio na kuanza kumburura.

"Natekwa!" Sungura akapiga ukelele. "Huyu si ndugu yangu na sitaki kwenda naye. Nisaidieni!"

"Msijali, jamani," Fisi akawaambia wenye foleni kwa upole. "Amepigwa na jua, anaweweseka. Nampeleka kwa mganga."

"Maskini," akasema Nyumbu. "Jua la siku hizi halina huruma."

Kobe akatoa pole. Twiga, ambaye kwa urefu wake aliona kila kitu, akageuza shingo kutazama mawingu yasiyokuwepo. Ngiri naye akasogea hatua moja mbele, kwa kuwa nafasi imepatikana.

Sungura akajilegeza mwili mzima, akawa mzito kama gunia la mchanga. Walipopita kwenye kisiki akakikumbatia kwa miguu yote minne. Fisi akavuta mpaka akatweta, na hapo Sungura akapata nafasi ya kufikiri. Aliogopa, lakini hasira yake ilikuwa kubwa zaidi: watu aliokunywa nao maji walikuwa wanamtazama akienda kuliwa. Akajiuliza, hawa tangu ukame uanze wameinuka kwa jambo gani? Si kwa Digidigi. Si kwa Pimbi. Akakumbuka jana yake, Punda Milia alipotanguliza pua tu mbele ya Nyati, bonde zima likapigana mpaka adhuhuri.

Na njia ya kwenda kichakani kwa Fisi ilipita kando ya kisima.

Akakiachia kisiki. "Nimeshindwa, mjomba," akasema kwa sauti ya kinyonge. "Nipeleke." Fisi akafurahi mpaka mate yakamtoka, akalegeza mkono. Walipofika kisimani, Sungura akaling'ang'ania gogo la ukingoni, akapaza sauti kuliko mwanzo:

"Ahsante sana, mjomba, kwa kunipitisha mbele! Na wale ndugu zako saba, waje sasa?"

Foleni nzima ikageuka. Nyati ndiye wa kwanza kuchomoka, Nyumbu akafuata, hata Twiga siku hiyo akapata msimamo.

"Anapitisha watu wake huyu," akafoka Nyati.

"Na utepe amevaa," akadakia Ngiri.

Pembe na kwato vikamshukia Fisi kutoka kila upande.

"Jamani, mnanionea," akalia Fisi. "Mimi sipitishi mtu mbele. Mimi nateka tu, kama siku zote."

Kipigo hakikupungua. Ilibidi Kobe, ambaye ni mzito wa miguu lakini si wa masikio, aulize mara tatu: "Amesema siku zote?" Ndipo wakatulia. Wakaenda kichakani, wakakuta manyoya ya Kanga na kwato ndogo za Digidigi. Sungura aliokota unyoya mmoja, akalia mbele yao wote bila kujificha.

Simba akaja akiwa amechana nywele zake vizuri. Akamvua Fisi utepe, akamfukuza bondeni kwa kosa la kuvuruga foleni. Kuhusu kuteka, akasema, hakuna kosa kama hilo katika ufalme wake. Fisi akaondoka akiburura miguu ya nyuma, na mpaka leo hajanyooka.

Sungura akarudi kwenye nafasi yake, akamkuta Ngiri amekwisha kujitanua hapo.

"Samahani, dada," Ngiri akasema. "Lakini ulitoka kwenye foleni."

Sungura hakubishana. Akaenda mwisho, akasubiri mpaka alasiri, akachota kata yake moja tu. Kisha akamfuata Ngiri alikokuwa amejipumzisha, akammiminia kichwani maji yote mpaka tone la mwisho.

"Una wazimu, dada?" Ngiri akauliza, maji yakimchuruzika puani. "Kiu yote hiyo, unanimwagia mimi?"

"Mwenzako akinyolewa," akasema Sungura, "wewe tia maji."