Seva Iliyoitikia Hodi

Mlango hupakwa rangi kwa ajili ya wapita njia. Anayeishi ndani ndiye ajuaye kama paa linavuja, kama jiko linawaka na kama mtungi una maji. Kwa sababu hiyo wazee wetu hawakutaka tuishie kizingitini. Walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, yaani uzuri au uzima wa kitu hauthibitishwi na sura yake ya nje. Methali hii ilimfika mwanamke mmoja kazini kwake, mahali ambapo hapakuwa na nyumba ya kusifiwa wala mlango wa kuchongwa, bali mitambo mitupu.

Mwanamke huyo alikuwa mhandisi wa kompyuta katika benki ya damu. Wenzake walimwita Mdadisi, kwa kuwa ukimpa jibu moja alikurudishia maswali mawili. Kazi ya kitengo chao ilikuwa nyeti kama mboni ya jicho. Hospitali iliyohitaji damu iliingiza ombi kwenye kompyuta, mfumo ukatafuta ghala lenye damu ya kundi hilo, kisha ukamwamuru dereva wa pikipiki aipeleke mbio. Maombi hayo yalihudumiwa na seva tatu, yaani kompyuta kuu, ambazo wafanyakazi walizipa majina kama watoto wa tumbo moja: Kifungua Mimba, Wa Kati na Kitinda Mimba. Mbele ya seva hizo uliwekwa mtambo wa kugawa mzigo, nao wakauita Mgawaji. Huo ulipokea kila ombi na kulikabidhi kwa seva moja kwa zamu, isije moja ikaelemewa huku nyingine zimekaa bure.

Kabla ya kuikabidhi seva kazi, Mgawaji aliipigia hodi fupi ambayo mafundi huiita ping. Seva ikiitika, taa yake ukutani iliwaka kijani na ikaendelea kupewa kazi. Ikinyamaza, taa ilikuwa nyekundu na kazi ikapelekwa kwa wenzake. Utaratibu huo aliuweka mkuu wa kitengo mwenyewe, zamani, na ulikuwa umewaokoa mara nyingi seva ilipozimika ghafla. Alizipenda zile taa hata akabandikwa jina la Bwana Kijani. Jina hilo hakulichukia. Kila alipoingia ofisini alitazama ukuta kwanza, ndipo akawasalimu watu.

Asubuhi moja simu ya Mdadisi iliita.

"Nani tena mapema hivi?" aliuliza Bwana Kijani.

"Ni wifi, mkuu."

"Wifi? Imekatika tena?"

"Haijakatika. Ni wifi yangu, dada yake mume wangu!"

Ofisi nzima iliangua kicheko. Lakini wifi mwenyewe hakuwa na mzaha. Alikuwa mkunga katika hospitali ya ng'ambo ya pili ya mji, mwanamke asiyemung'unya maneno.

"Wifi, huo mfumo wenu una mapepo?" alisema. "Jana nimeomba damu, ombi likapita. Nikaomba tena, likazunguka weee mpaka likajifia. Leo ndio yale yale. Mara linacheka, mara linanuna."

Mdadisi alimweleza mkuu wake. Bwana Kijani alinyoosha kidole ukutani.

"Unaona nini pale?"

"Kijani tupu."

"Basi seva zetu ni nzima. Mtandao wa hospitali ndio mbovu. Waambie waite fundi."

"Mkuu, ping inatuambia seva ipo. Haituambii kama inafanya kazi. Hata mvivu aliyejifunika shuka huitika 'naam' akiitwa. Tuiulize seva swali la kazi yenyewe, tuone."

Bwana Kijani alitikisa kichwa. Hakuwa mtu wa jeuri, ila alikuwa mwoga wa mabadiliko kama aliyewahi kuumwa na nyoka anavyoogopa ung'ongo. "Mfumo unaotembea haushikwishikwi, binti yangu. Tukilikoroga hapa, watakaolinywa ni wagonjwa."

Mdadisi alirudi kitini, lakini moyo wake haukurudi. Kabla jua halijafika utosini, simu iliita tena, na sauti ya wifi ilikuwa imebadilika.

"Nina mama hapa, amejifungua sasa hivi na damu haikatiki. Akiba ya wodini imekwisha. Nimetuma ombi, linazunguka tu! Wifi, fanya jambo, huyu mtu ananiponyoka!"

"Usikate simu," alisema Mdadisi. Aliiweka mezani, sauti ya juu, kila mtu asikie. Kisha akampita Mgawaji kando, akaziuliza seva zenyewe, moja baada ya nyingine, ni ghala gani lina damu ya kundi lile. Kifungua Mimba ikajibu papo hapo. Wa Kati ikajibu vilevile. Alipoipigia ping Kitinda Mimba, iliitika upesi kuliko ndugu zake wote. Alipoiuliza habari ya damu, kimya! Ukurasa ukabaki mweupe.

"Mkuu, njoo uone."

Bwana Kijani aliinama. Akautazama ukurasa mtupu, akaitazama taa ya Kitinda Mimba iliyokuwa ikiwaka kijani kibichi, akautazama ukurasa tena.

"Iondoe," alisema. "Iondoe kwenye zamu sasa hivi!"

Mdadisi akaiondoa. "Wifi, tuma tena!"

Simuni ilisikika kibodi ikibonyezwa, kisha ukelele uliowatetemesha wote: "Limepita! Pikipiki imekwisha kuitwa!"

Damu ilifika maji yakiwa yamefika shingoni, lakini ilifika. Alasiri wifi alileta ujumbe kwamba mama na mtoto walikuwa wazima, na kwamba mtoto alikuwa na sauti ya king'ora. Mdadisi aliusoma, akajifuta macho kwa kiganja kama aliyeingiwa na vumbi.

Walipoichunguza Kitinda Mimba waligundua kwamba njia yake ya kwenda kwenye hifadhidata, yaani pale zinapotunzwa habari zote za damu, ilikuwa imekatika. Kila ombi lililoangukia kwake lilisubiri mpaka likachoka. Ping haikujua lolote, kwani iliitikiwa mlangoni na haikuwahi kupita ndani. Waliiunganisha njia hiyo upya, wakairudisha seva kwenye zamu.

Bwana Kijani aliketi. "Miaka yote hii nimekuwa nikisalimiana na mlango," alisema polepole. "Fanya ulivyosema. Ila unieleze kila hatua."

Mdadisi akaingia kazini. Katika kila seva alitengeneza ukurasa mdogo wa afya. Mgawaji alipouomba ukurasa huo, seva ililazimika kwenda hadi kwenye hifadhidata, isome habari ya chupa moja ya damu, kisha irudi na neno moja tu: "Mzima." Ikirudi mikono mitupu, inatolewa kwenye zamu. Mpango ulikuwa mzuri, lakini furaha ilimtia haraka, na haraka haina baraka. Aliagiza seva itolewe ikikosea hata mara moja.

Haukupita muda mrefu, alasiri moja hifadhidata ilisita kidogo ikijinakili, kisha ikaendelea na kazi yake. Kusita huko kulitosha. Seva zote tatu zilikosa jibu kwa pamoja, Mgawaji akazifukuza zote, na ukuta ukawa mwekundu kama nyanya. Hospitali zote zikafungiwa nje. Mdadisi alirudisha mambo yalivyokuwa, na maombi yakaanza kupita tena. Lakini simu ya mkurugenzi ilikuwa imekwisha kulia kwenye meza ya Bwana Kijani.

Mdadisi alisimama pale kama kuku aliyenyeshewa mvua. Alijua atakayoyasikia: kwamba yeye ndiye aliyelikoroga.

"Ndiyo, Mkurugenzi," alisema Bwana Kijani simuni. "Kosa ni la kitengo changu, na mkuu wa kitengo ni mimi... Hapana, hatutarudi kwenye ule utaratibu wa zamani. Ule ungetuulia mtu. Huu tutaunyoosha." Aliweka simu, akamgeukia Mdadisi. "Ulidhani nitakutoa kafara?"

"Nilidhani, mkuu."

"Vuta kiti. Umeingia ndani kwa kuvunja mlango. Sasa tutafute namna ya kuingia kwa adabu."

Tangu hapo walifanya kazi pamoja, kichwa kwa kichwa, kama kumbikumbi juu ya taa moja. Hawakuitupa ping. Waliiacha iendelee kupiga hodi mara kwa mara, kwani ilikuwa nyepesi na iliiwahi seva iliyozimika kabisa. Juu yake wakaweka swali la afya. Seva haikutolewa mpaka ikosee mara tatu mfululizo, na haikurudishwa mpaka ijibu sawasawa mara mbili. Zikikosea zote kwa pamoja, Mgawaji asizifukuze, bali awaite wanadamu. Kisha wakaujaribu mpango wao kwenye mitambo ya mazoezi. Bwana Kijani ndiye aliyezichomoa nyaya kwa mkono wake, huku akitabasamu kama mtoto anayedokoa sukari.

Siku ya kupimwa kwao ilikuja bila barua. Paa la ukumbi mmoja mkubwa liliporomoka adhuhuri, watu wakiwa kwenye mahafali, na majeruhi wakasambazwa katika hospitali zote za mji. Maombi ya damu yalimiminika kama mvua ya masika. Mkurugenzi mwenyewe alishuka kutoka ghorofani, akasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, macho ukutani.

Kazi ilipokuwa imepamba moto, taa ya Wa Kati iligeuka nyekundu.

"Nyekundu!" alimaka mkurugenzi. "Leo ya leo? Tumekwisha!"

Mkono wa Mdadisi uliruka kuelekea kibodi, kisha ukasita hewani. Alitazama. Ping ya Wa Kati ilikuwa bado ikiitikiwa vizuri, lakini lile swali la ndani lilikuwa limekosa jibu mara ya tatu. Njia yake ya hifadhidata ilikuwa imeelemewa ikakatika. Mgawaji alikuwa ameiona, ameitoa kwenye zamu, na wimbi lote la maombi sasa lilikuwa likiwaendea Kifungua Mimba na Kitinda Mimba. Na yote yalipita! Maombi yaliyokuwa yamenasa kwa Wa Kati yalitumwa upya na kupokelewa. Ghala baada ya ghala lilifungua milango, pikipiki baada ya pikipiki ikaondoka.

"Tuingilie?" aliuliza Bwana Kijani kwa sauti ya chini.

"Hapana, mkuu. Inajua kazi yake."

Hawakugusa kitu. Punde Wa Kati ilijiunga upya na hifadhidata, ikajibu mara ya kwanza, ikajibu mara ya pili, na taa yake ikarudi kuwa kijani. Safari hii Bwana Kijani aliiamini. Alipiga kofi moja kubwa, na chumba kizima kikalipuka kwa vifijo, hata mkurugenzi akajikuta amemkumbatia mtu asiyemjua jina.

Katikati ya shangwe hiyo wifi akapiga simu.

"Nauliza tu," alisema akihema. "Tumepokea majeruhi mpaka vitanda vimekwisha, na kila damu niliyoomba imekuja. Leo mfumo wenu haujanuna hata mara moja. Mmeufanya nini?"

Mdadisi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakuyafuta. Jioni ile mkurugenzi alimkabidhi kazi ya kuisimamia mitambo yote ya benki ya damu, na aliyempendekeza alikuwa Bwana Kijani. Mkurugenzi alipotaka kujua siri ya ushindi wao, mzee yule alimjibu bila kuutazama ukuta: "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani."