Pikapu Lililomkana Tajiri

Mzee Mkwizu, tajiri wa mashine za kusaga, alimpa kijana fundi Shebughe pikapu bovu bure, mradi aliondoe uani kwake kabla kuku hawajalifanya banda. Shebughe akalifufua nyumbani kwao, akalitia injini nyingine, rangi nyekundu na taa za mbwembwe. Lilipoanza kunguruma, mzee huyo mlangoni!

"Nilikuazima tu, kijana. Nalitaka."

"Shikamoo kwanza, mzee. Kamwite mwenyekiti wa mtaa. Atakayeliwasha ndiye mwenyewe."

"Gari nililoendesha mpaka likazeeka? Umekwisha!" Mzee akaondoka akicheka.

Mzee aliporudi na mwenyekiti, walimkuta Shebughe amejikunja chini ya usukani, anafuta vumbi na kupiga mluzi. Mzee akapanda kwa madaha, akazungusha ufunguo. Piii! Honi. Akazungusha tena. Piiii! Majirani wakashika mbavu.

"Linakuomba upishe njia, mzee," alisema Shebughe.

Akapanda yeye, akabonyeza honi. Injini ikanguruma. Mwenyekiti akaamua palepale kuwa gari ni la Shebughe.

"Umelifanyaje?" mzee alifoka.

"Ulipokwenda kumwita mwenyekiti, nilichomeka waya wa honi penye stata ya kuwashia injini, na wa stata penye honi. Panda nyuma, mzee wangu, nikurudishe nyumbani."