Mwalimu Aliyeombwa Akae Pembeni

Wapendwa, leo sina kisa cha mtu mwovu. Ningekuwa na kisa cha mwizi au mlevi, wengi wetu tungekaa hapa tumetulia, maana tungejua hakituhusu. Hiki kina watu wema tu. Ndiyo maana kinaniuma kukisimulia.

Palikuwa na shule moja ya msingi huko milimani, kwenye mashamba ya chai. Ilikuwa na walimu kumi na watatu. Watoto walifaulu, uwanja ulifagiliwa, lakini chumba cha walimu kilikuwa baridi. Mtu anaingia, anachukua chaki, anatoka. Huyu hasemi na yule. Mnakijua chumba cha namna hiyo? Mnakijua. Wengine mmekiacha nyumbani asubuhi hii.

Na katika walimu hao, aliyelalamikiwa kuliko wote alikuwa mwalimu wa darasa la pili, mama wa miaka hamsini na miwili, mjane, jina lake Subilaga. Wenzake walisema anaringa. Unampa mkono wa salamu, anapita kana kwamba hajauona. Kikao kikiitwa saa kumi, yeye anabeba mkoba wake na kuondoka jua likiwa bado liko juu, wala haagi. Siku moja aliipiga kikumbo chupa ya chai pale mezani, ikaanguka, chai ikamwagikia madaftari ya mwenzake. Akasema samahani, akainama kuokota vipande vya kioo kwa kupapasa sakafuni. Hakuna aliyejiuliza kwa nini anapapasa. Walichoona ni madaftari yaliyolowa.

Mwalimu mkuu akaona mambo hayaendi. Akamtafuta mama mmoja kutoka mjini, mwezeshaji, ambaye kazi yake ni kuchezesha watu wazima michezo ya kushirikiana. Usicheke, mzee wangu. Ni kazi, na ni kazi nzuri. Akapanga siku ya Jumamosi, akawaalika na walimu wa shule jirani ili pawe na makundi mawili. Zawadi ya kundi litakaloshinda ilikuwa saa ya ukutani.

Asubuhi yule mwezeshaji akawasimamisha uwanjani akawaambia, "Walimu wangu, leo tunacheza. Lakini jioni tutakaa kwenye duara, na kila mmoja atasema jambo moja linalomlemea. Si lazima liwe kubwa. Atasema, na sisi tutasikiliza."

Subilaga aliposikia hivyo, akasogea mbele. Kwa sababu alikuwa na jambo. Kwa zaidi ya mwaka macho yake yalikuwa yanajifunga taratibu kutoka pembeni, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Kilicho mbele yake alikiona. Kilicho ubavuni au miguuni hakukiona. Mkono wa salamu ukitokea upande, kwake haupo. Jua likishuka kidogo, njia ya nyumbani inapotea. Alinunua miwani sokoni, haikusaidia. Hospitali aliogopa kwenda, maana aliogopa atakachoambiwa, na aliogopa wakijua shuleni watamwambia apumzike kazi, na kazi ile ndiyo ilikuwa inamsomesha binti yake. Basi akanyamaza. Lakini asubuhi ile, amesimama kwenye umande na wenzake, akajisemea moyoni: jioni nitawaambia.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa mikono. Wote kumi na watatu walisimama karibu karibu, wakafumba macho, kila mtu akashika mikono iliyomfikia. Ukifumbua unakuta mmejifunga kama uzi uliochezewa na paka, na mnatakiwa mjifungue bila mtu kuachia. Walipita chini ya kwapa, wakaruka mikono, mwalimu mkuu mwenyewe akageuzwa kama chapati. Wakacheka. Subilaga naye akacheka mpaka machozi. Mwalimu Ambilikile, kijana hodari aliyekuwa msaidizi wa mkuu, akasema kwa mshangao, "Kumbe mama huyu anacheka!"

Ukaja mchezo wa pili, wa kuvuka mto. Mto ni nyasi za uwanja. Walipewa vipande vinane vya zulia kuukuu, ndiyo mawe ya kukanyaga. Kundi zima linatoka ng'ambo hii kwenda ile, mnasogeza vipande, mnashikana, mnabebana ikibidi. Mguu wa mtu mmoja ukigusa nyasi, wote mnarudi mwanzo.

Mwalimu Ambilikile akauliza, "Na mtu akishindwa kabisa?"

Mwezeshaji akajibu, "Kundi linavuka lote. Labda mtu aamue mwenyewe kupumzika."

Wakaanza. Katikati ya uwanja Subilaga akakanyaga nyasi. Wakarudi. Wakaanza tena, akakanyaga tena. Mara ya tatu Ambilikile akamshika kiwiko, mwalimu mwingine akamshika mkono wa pili, wakawa wanamwambia, "Mbele kidogo, dada, kushoto, hapo hapo." Wakafika mbali zaidi, halafu mguu ukateleza pembeni ya zulia. Wakarudi. Mara ya nne vivyo hivyo. Na kule upande wa pili, walimu wa shule jirani walikuwa wamebakiza hatua chache tu, wanapiga makofi na kuimba.

Hapo, wapendwa, uso wa watu hubadilika. Hamjawahi kuona? Hakuna aliyemtukana. Hakuna hata aliyeguna kwa sauti. Ambilikile akamsogelea, akasema kwa upole kabisa, "Dada Subilaga, pole. Naona umechoka."

"Sijachoka, mwalimu."

"Miguu haikusumbui?"

"Miguu yangu mizima."

Ambilikile akawatazama wenzake, wenzake wakatazama chini. Akasema, "Basi unajua nini, hatuna mtu wa kupiga picha. Kumbukumbu ya siku kama hii itapotea bure. Ungetusaidia sana, dada. Chukua simu yangu."

Yule mama akaitazama ile simu. Halafu akauliza, "Ni lazima?"

"Hapana, si lazima hata kidogo. Amua mwenyewe."

Akatabasamu. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe simu."

Nawauliza, nani hapo alitenda dhambi? Nionyesheni mstari wa sheria uliovunjwa. Kanuni ilisema aamue mwenyewe, naye akaamua mwenyewe. Wale kumi na wawili wakavuka kwa mara moja, wakawapita majirani ambao mguu wao uligusa nyasi kwenye hatua ya mwisho, wakapewa saa ya ukutani, wakamnyanyua mwalimu mkuu juu juu. Na ule ubaridi wa miaka mingi ukayeyuka kweli. Watu ambao hawakusalimiana walikumbatiana. Siku ile ilifanikiwa, ndugu zangu. Mtu angepita barabarani angesema, tazama walimu wanavyopendana.

Jioni walipokaa kwenye duara, palikuwa na kiti kitupu. Subilaga alikuwa amemwachia mlinzi ile simu pale getini, akaenda zake kabla jua halijashuka. Mmoja akasema, "Si mnamjua alivyo." Wakaendelea.

Usiku ule Ambilikile akafungua zile picha. Nyingi zilikuwa za mbingu. Moja ilikuwa na magoti tu. Nyingine ilikuwa na walimu wote, lakini imewakata vichwa. Akazituma kwenye kundi la simu la walimu, akaandika, "Mpiga picha wetu jamani." Watu wakacheka. Mmoja akaandika, "Huyu alikuwa anapiga picha za malaika." Wakacheka zaidi. Hawakuwa na nia mbaya, ni furaha ya siku. Baada ya muda Subilaga naye akaandika neno moja: "Samahani."

Ikapita miezi mitatu. Asubuhi moja, mbele ya watoto wake wa darasa la pili, Subilaga alianguka kwenye ngazi za darasa ambazo alizipanda kwa miaka kumi na tisa. Alipoinuliwa akasema, "Giza limeingia?" Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Ambilikile ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari wa macho akampima kwa muda mrefu, halafu akamwita Ambilikile kando, akamwambia kwamba ni presha ya macho, inaua macho kimya kimya, na likishakufa jicho halirudi.

"Hakuna dawa, daktari?"

"Dawa ipo. Inalinda kile kilichobaki. Sasa hakijabaki kitu cha kulinda. Angeletwa mapema, hata miezi mitatu tu nyuma, huenda jicho la kulia tungelinusuru."

Miezi mitatu. Ambilikile akaketi kwenye benchi la hospitali. Hakuhitaji kalenda.

Walimu wote wakaenda kumwona nyumbani, na mchele na sukari na sabuni, kama tunavyofanya. Wakakaa. Binti yake akawaletea chai. Mazungumzo hayakuwa na pa kushika. Mwisho Ambilikile akashuka kwenye kiti, akapiga magoti pale chini, akasema, "Dada, siku ile ya michezo mimi ndiye niliyekutoa. Na picha ni mimi niliyezituma. Sikujua. Nisamehe."

Sasa sikilizeni alichojibu.

Alisema, "Inuka, mwalimu, nilikwisha kukusamehe. Lakini mlivyonihurumia, naona mnadhani niliumia kwa kurudishwa mwanzo. Hapana. Mimi nilifurahi. Mara ya tatu na ya nne, wewe ulinishika hapa kwenye kiwiko, na mwenzako akanishika huku, mnaniambia kushoto, kulia, hapo hapo. Nilikuwa natembea bila woga. Kwa mwaka mzima sikuwa nimetembea bila woga, hata nyumbani kwangu. Mlipokuwa mnasikitika kwamba tumekosea tena, mimi nilikuwa naomba moyoni tukosee mara nyingine, na nyingine, ili msiniachie. Nilikuwa nimepanga kuwaambia jioni. Mliponiomba nikae pembeni nikaona, hawa wanataka kushinda, nisiwaharibie."

 

Ambilikile alipata msamaha siku ile, tena kwa moyo mweupe. Lakini alirudi nyumbani na kitu ambacho msamaha haukukiondoa, na sidhani kama kitaondoka. Yapo makosa ambayo Mungu anayafuta, na mwenzako anayafuta, na bado kuna mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango wa jikoni kwake.

Sasa tuje kwetu. Sisi ni watu wa kushirikiana, tena tunasifika. Tuna kwaya, tuna jumuiya, tuna kamati ya ujenzi, tuna umoja wa akina mama ambao ukipanga jambo linakwenda. Na kwa sababu tunakwenda, tumejifunza kuwatoa watu kwa adabu. Hatufukuzi mtu. Tunasema, "Mama, wewe pumzika." Tunasema, "Mzee, tutakuletea taarifa." Tunampa mtu kazi ndogo yenye jina zuri, akae nayo mbali, tupate kufika haraka. Naye anatabasamu, nasi tunasema ameamua mwenyewe.

Yule anayechelewa mazoezi ya kwaya, tumemuuliza kama ana mgonjwa nyumbani? Yule ambaye hatusalimii, tuna hakika ametuona? Mimi sisemi tusishinde. Nasema tulikuwa na haraka ya kwenda wapi? Saa ya ukutani! Ndugu zangu, watu kumi na wawili wazima walikuwa na haraka kwa sababu ya saa ya ukutani, na wote walikuwa watu wema, na mimi ningekuwa pale ningewasaidia kumshawishi.

Nasema hivyo kwa sababu najijua. Juzi nilikuwa napitia daftari letu la mahudhurio. Kuna jina ambalo tangu Pasaka nimeliandikia "hayupo." Hayupo, hayupo, hayupo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, Jumapili kumi na nne. Sijui kwa nini hayupo. Mimi ni mchungaji wake, nyumba yake haifiki dakika ishirini kwa miguu, na sijui.

Kwa hiyo leo baada ya ibada sitasimama mlangoni kuwapa mikono. Mnisamehe. Nakwenda kwake. Sijui nitakuta nini, na huenda nimechelewa. Anayetaka twende pamoja anikute nje pale kwenye ngazi, na asije na viatu vya kukimbilia, maana tutatembea kwa mwendo wa bibi yetu mzee wa benchi la mbele, ambaye ameshaniambia kwamba na yeye anakuja.