Punda na Asali ya Lijamu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, trekta halijulikani, Bwana Masengo alikuwa na shamba, na shambani mlikuwa na Farasi na Punda. Punda kazi yake maji. Alfajiri mtoni, akirudi basi. Mchana wote ni wake. Anagaagaa vumbini, miguu juu, hii-hoo! Raha gani tena?

Farasi alivuta plau kutwa. Mdomoni alitiwa lijamu, chuma chenye minyororo ya shaba. Akitembea, cheng! cheng! Punda macho yakamtoka.

"Kaka Farasi, hicho nini?"

"Hiki? Pambo la wakubwa."

"Kina utamu?"

"Mimi nilipovishwa kilipakwa asali."

"Asali!"

"Asali, mdogo wangu. Nililamba mpaka masikio yakasimama."

Mbuzi alikuwa kando anatafuna. Akasema, "We Punda, mwenye pambo mbona hapumziki?"

"Wivu tu huo," Punda akamjibu. "Wewe hata kamba ya shingoni huna."

Lo! Kesho yake Bwana Masengo akamkuta Punda mlangoni, kinywa wazi, aaa! Akacheka mpaka akashika mbavu. Tangu azaliwe hajaona punda anayejipeleka mwenyewe kutiwa lijamu. Akaleta asali, akapaka chuma. Punda akalamba, akalamba, macho kayafumba. Alipoyafumbua, asali imekwisha, chuma kimo, na hatamu ziko mikononi mwa Bwana. Vuta kulia! Vuta kushoto! Plau, jua la utosi, mpaka magharibi. Mdomo ukachubuka. Akalia, jamani, akalia kweli.

Asubuhi Punda akaubana mdomo. Bila asali hafungui!

Bwana hakuleta asali. Alitia kidole gumba kwenye kona ya mdomo, pale pasipo na meno, akabonyeza. Kinywa kikafunguka chenyewe. Chuma ndani, kla!

"Kaka Farasi! Asali iko wapi?"

"Ya siku ya kwanza tu hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Plau ilikuwa nzito, mdogo wangu," Farasi akasema kwa upole. "Sasa sogea, tuvute."

Basi, wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikii: anayekusifia mzigo wake anatafuta wa kuubeba naye. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye kinywa wazi akifumbe.