Siku Nilipoifungua Folda ya Mashauri

"Ufunguo wa wote haufungi mlango." Mmemsikia fundi wa kompyuta akisema hivyo asubuhi hii, mmoja wenu alipomwomba amfungulie folda isiyo yake, na sasa mmenijia mmenuna, mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Yametoka humu humu ofisini, na aliyeyasababisha ni mimi. Yalizaliwa hivi.

Miaka kumi na minne iliyopita, ofisi hii ilikuwa na watu tisa na kompyuta tano. Kazi ilikuwa hii hii mnayoifanya nyinyi: kuwapokea wanawake waliokimbia kipigo nyumbani, kuwatafutia mahali pa kujihifadhi, na kusimama nao mpaka mambo yao yaishe. Mimi nilikuwa karani wa masijala. Mafaili yote niliyatunza kwenye kabati la chuma, ufunguo wake nikiufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna aliyewahi kuniomba ufunguo ule, maana pindo la kanga ya mtu mzima haliombwi.

Kisha mkurugenzi wetu, Mzee Ambakisye, akaamua mafaili yaingizwe kwenye kompyuta. Aliitwa fundi kutoka Mbeya, dada mmoja asiye na maneno mengi aliyeitwa Sekela. Aliziunganisha kompyuta zetu kwa nyaya, zote zikawa zinasoma mashine moja kubwa iliyowekwa chumbani kwangu. Ndani ya mashine hiyo akatengeneza folda mbili. Moja aliipa jina la Pamoja. Humo tuliweka ratiba, barua na fomu za likizo, na kila mtu aliingia apendavyo. Ya pili iliitwa Mashauri. Humo kila mwanamke aliandikwa jina lake na mahali tulipomficha. Hiyo iliwafungukia watu wawili tu, Mzee Ambakisye na Bi. Tumpe, mshauri wetu. Mwingine yeyote akiibofya, kompyuta ilimwambia hana ruhusa.

Mimi nilipewa nenosiri la kuongeza watu kwenye orodha ya ruhusa na kuwaondoa, kwa sharti la barua ya mkurugenzi. Sekela alinikalisha chini akanieleza taratibu. "Mama Tusajigwe," akasema, "mtu akikuomba, usijiulize kama ni mwema. Jiulize kama kazi yake inamlazimu kuona." Nikaitikia kwa kichwa. Neno lake lilikuwa limeingia sikio hili likatokea lile.

Sasa lazima mjue tulivyokuwa tukiishi. Saa nne asubuhi tulikunywa chai ya chupa moja, na ndizi za kuchemsha tulizila kwenye sinia moja. Msiba wa mmoja ulikuwa wa wote. Mtu aliyefunika chake mbele ya wenzake tulimwita mchoyo, na jina hilo likikushika halikutoki. Kwa hiyo ile folda ilianza kutuwasha. Manung'uniko yalianzia kwenye chai. Kwani sisi ni wageni hapa? Kwani kuna nini humo?

Aliyeumia zaidi ni Anyelwisye, mwandishi wa ripoti za mwezi. Kila mwezi alihitaji idadi ya wanawake tuliowapokea, na kila mwezi ilimbidi ambembeleze Bi. Tumpe amhesabie. Mwezi wa sita Bi. Tumpe akaenda kumzika baba yake, naye Mzee Ambakisye alikuwa safarini, na ripoti inadaiwa. Anyelwisye aliweka kikombe chini mbele ya watu wote akaniuliza, "Dada Tusa, miaka saba tunakula sinia moja. Leo mimi ni mwizi?"

Watu wakainamia vikombe vyao. Niliona aibu, wanangu, aibu ya kweli, kana kwamba nimemnyima mgeni maji. Nikaenda chumbani kwangu nikaifungua orodha ya ruhusa. Ningeweza kumwongeza yeye peke yake, kwa siku moja. Lakini nikawaza kwamba wengine watasema nabagua. Palikuwa na kisanduku kidogo kilichoandikwa Wote. Nikakitia alama. Tulirudi kwenye chai tukacheka, na nilijiona mwema sana siku ile.

Anyelwisye alikuwa akihesabu majina alipoliona moja analolijua. Atuganile, binti wa kijijini kwao, aliyetoweka na watoto wake miezi mitatu iliyopita. Chini ya jina palikuwa pameandikwa: Matema, nyumbani kwa muuguzi mstaafu. Alitoka humo bila kumwambia mtu. Hakuwa mmbea, hilo nitamtetea nalo mpaka naingia kaburini.

Jumamosi alikwenda msibani kijijini kwao. Huko akamkuta mama yake Atuganile, amekonda, hali, hanywi, na ndugu wanamshauri amwekee binti yake matanga bila maiti. Moyo wa Anyelwisye ukashindwa. Alimvuta mama kando akamnong'oneza: yu hai, yuko Matema, kwa muuguzi fulani, usimwambie mtu. Mama yule aliangua kilio cha furaha. Jioni alimwambia dada yake mmoja tu, ili matanga yasitishwe. Dada naye alikuwa na mtu wake mmoja tu. Siku ya nne mume wa Atuganile alishuka Matema mchana kweupe, akaulizia nyumba ya muuguzi kwa adabu zote, akaelekezwa.

Mimi na Mzee Ambakisye tulimkuta Atuganile hospitalini. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, jicho la kushoto limefunikwa bandeji. Daktari alikuwa ametwambia nje kwamba jicho hilo halitaona tena. Mumewe alikuwa amekamatwa, lakini ndugu zake walikuwa huru, na sasa wote walijua njia.

Atuganile alinitazama mimi. "Mama, mliniambia wanaojua niliko ni watu wawili. Mlikuwa wangapi?"

Mzee Ambakisye alifungua kinywa. Nikamtangulia.

"Tisa, mwanangu. Niliwafungulia wote."

"Kwa nini?"

"Walijiona wametengwa. Si watu wabaya, nakuapia. Sikutaka kuwaudhi."

"Hata mama yangu si mtu mbaya," akasema. "Wote hao si wabaya. Lakini ufunguo wa wote haufungi mlango."

"Tutakutafutia mahali pengine," Mzee Ambakisye akasema. "Safari hii nitajua mimi peke yangu."

"Hapana, baba. Niendako nitajua mimi. Kalifuteni jina langu."

Nililifuta kwa mkono wangu, Sekela amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Aliniomba nenosiri, akalibadilisha, akaifunga tena folda kama alivyoifunga mwanzo. Anyelwisye aliacha kazi mwezi ule ule. Mimi niliomba kufukuzwa. Mzee Ambakisye akakataa, akasema nikae hapa ili kila anayeajiriwa ayasikie haya kwa aliyeyafanya.

Atuganile aliwachukua watoto wake akaondoka, hakutuaga. Kila mwaka mama yake huja hapa, mzee sasa, akishikilia fimbo. Huketi kwenye benchi la wageni akaniuliza kama binti yake yu hai. Nami humjibu kweli: sijui. Tulitaka kumpunguzia mama yule siku chache za machozi, tukampa miaka kumi na minne. Kwa hiyo fundi akiwanyima, msimwite mchoyo. Kuna mtu amelala usingizi mahali fulani kwa sababu nyinyi hampajui.

Ufunguo wa wote haufungi mlango.